Goti Linalokosa Hewa

Mwalimu Esta alijua kusikiliza ya watu si adabu, kwa hiyo kwenye pantoni ya Msangamkuu alisikiliza huku akitazama maji. Jirani yake, Bibi Ermelinda, alikuwa anakwenda kwenye ngoma ya kumtoa mwali mjukuu wake, goti amelikaza kwa mpira wa baiskeli.

“Fungua, bibi, na leo usicheze,” alisihi kijana mgeni aliyesomea utabibu. “Goti lenye baridi yabisi lina uhaba wa oksijeni humo ndani. Chembe hai zikikosa hewa hutoa vimeng'enya vingi, navyo vinakula gegedu, ule mto laini kati ya mifupa.”

“Kumbe linajila lenyewe!” Bibi akaufungua mpira. “Basi aliyekosa pumzi hafungiwi ndani. Nalipeleka uwanjani likapunge upepo.”

“Hewa haipitii nje, bibi. Inakuja na damu!”

“Na damu inachemshwa na nini, mjukuu wangu, kama si ngoma?”

Esta hakujua amuunge mkono nani. Pantoni ikagusa ng'ambo, ngoma zikasikika. Bibi akamkabidhi kijana mkongojo wake.

“Nibebee. Ukiona naanguka, niletee.”