Marehemu Crisanto Anataka Afutwe

Jipni, gari dogo la abiria, ilikuwa ikipanda kwenda chuo cha jeshi. Mbele yangu walikaa wazee wawili waliohitimu mwaka mmoja, wakiitana mista.

"Mista, mimi sikufa! Nilikuwa Kanada tu," alisema Crisanto. "Leo kwenye mkutano wa wahitimu wakiita majina ya marehemu, langu lifutwe."

"Haiwezekani," alijibu Herminio. "Miaka kumi na moja likiitwa, mimi ndiye ninayekuitikia 'Nipo!' huku nalia. Sasa nimwitikie nani?"

"Nitaitika mwenyewe."

"Utawafanya wajane wazimie."

"Lakini mimi ni mzima!"

"Hayo ni maoni yako. Jiwe la marehemu limeshachongwa jina lako."

Jeshini, nadhani, jiwe lina cheo kikubwa kuliko mtu.

Getini dereva aliwauliza wazee wanashuka wangapi. Herminio alimshika Crisanto mkono asiteleze, akajibu, "Mmoja."