Nyumba ya Alama Kumi na Tisa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa karatasi hizi nizisome bila kuongeza wala kupunguza, jambo ambalo wanaonijua wanajua kwamba kwangu ni mtihani.

Dada yetu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba, akiwa wa tatu kati ya watoto sita wa baba aliyekuwa mshika bendera wa stesheni na mama aliyekuwa fundi cherehani, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alianza kuwapanga wenzake mstari kabla hajajua kutembea vizuri. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni hadi Novemba 1975, ambako alikuwa kiranja wa usafi, na wenzake waliokaa pale nyuma ni mashahidi kwamba hakuna kitanda kilichopona mbele ya macho yake. Januari 1976 aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1979, akapangiwa wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya, akapendwa na wazazi na kuogopwa na wafagiaji.

Tarehe 13 Septemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuja wodini kutengeneza milango, akaitengeneza kwa miezi minne, mpaka muuguzi mkuu akauliza hiyo milango ni ya hospitali au ya ikulu. Ndiye shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, na sehemu inayofuata inasomwa kwa ridhaa yake, kwa sababu inamhusu pia.

Tarehe 3 Februari 1989 wawili hao waliondoka kwenda nchi nyingine kujitolea kupitia shirika moja, bila mshahara, kwenye kijiji kilichokuwa kimeahidiwa zahanati, baba akinung'unika kwamba amesomesha muuguzi kwa ajili ya watu asiowajua. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati aliwapokea kwa kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakapiga makofi, wageni wakapewa ufunguo wa nyumba ya vyumba viwili yenye bati na sakafu ya saruji, na dada hakuuliza ni ya nani, alidhani ni ya zahanati.

Maisha yao ya kila siku huko mmeyasikia mara nyingi, maana tulikuwa hatuachi kuyasimulia, jinsi dada alivyoamka alfajiri kuchemsha maji ya kunywa, akapima watoto hadi saa sita, akala chochote kilichopo, kisha akazunguka kijijini na daftari lake, na jinsi shemeji alivyotengeneza mabenchi ya zahanati na vichanja vya kuanikia vyombo. Ambacho hatukukisimulia, kwa kuwa hatukukijua, ni kwamba kila Jumamosi alikuja mama mmoja, mume wake yuko mbali kikazi, akafagia ua wa nyumba ile bila kuombwa, watoto wake watatu wakichungulia dirishani, na kwamba siku moja mama huyo alisukuma mlango akaingia moja kwa moja hadi jikoni, dada akamtoa kwa upole, akamweleza kwamba nyumba ya mtu haiingiwi hivyo, kwanza unapiga hodi. Mama akasema, "Samahani, sista, nimesahau," na tangu siku hiyo alipiga hodi.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo dada aliendesha ukaguzi wa usafi wa kaya zote, kila kaya alama ishirini, choo, dirisha, kichanja, idadi ya watu kwa chumba, na Jumamosi tarehe 21 akasoma matokeo hadharani mbele ya zahanati. Kaya ya mwisho ilikuwa ya mama huyo, aliyekuwa akilala na wanawe na mama mkwe wake katika stoo ya mazao nyuma ya zahanati, watu watano, dirisha hakuna, vyombo chini, alama mbili, na dada akamwomba asimame ili wengine wajifunze. Nyumba ya mfano, kwa alama kumi na tisa, ilikuwa ile aliyokuwa akiishi yeye mwenyewe, na baada ya mkutano aliwatembeza watu vyumbani wajionee, mama huyo akiwa miongoni mwao. Dada alisema watu walikuwa wameinamisha vichwa, naye akafikiri wanaona aibu kwa uchafu wao, na mama yule alijibu tu, "Nimesikia, sista, tutajitahidi."

Ijumaa tarehe 7 Desemba 1990 gari la shirika lilikuja kuwachukua, shemeji akamkabidhi mwenyekiti ufunguo, na mwenyekiti, pale pale, akampa yule mama, aliyekuwa amesimama kwenye ua na mbao za kitanda na masufuria, na mtoto wake mdogo akakimbilia ndani kuwaonyesha wenzake kona aliyokuwa akilala. Dada akauliza kulikoni, mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa, akasema, "Sista, shirika lilituambia bila nyumba ya vyumba viwili na bati hakuna muuguzi, na hapa nyumba kama hiyo ni moja tu, ya mama huyu, akasema yeye atajibana, watoto wa kijiji watibiwe." Dada akauliza kwa nini hawakumwambia, naye akajibu, "Ungelala wapi?" Mama mwenyewe akasema, "Mmetutunzia vizuri," dereva akapiga honi, na dada yetu, aliyejua kusema na wakubwa na wadogo, hakusema samahani, hakusema asante, akapanda gari.

Aliporudi alijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995, akawa muuguzi mkuu wa wodi, akastaafu Machi 2018. Miaka yote hiyo tulimwita shujaa, tukakitundika cheti chake sebuleni, tukamsimamisha kwenye harusi na mahafali aeleze alivyoishi na wanakijiji kama mmoja wao, naye akaeleza, na kila alipomaliza aliumwa kichwa, tukadhani ni uchovu. Aliandika barua ya kuomba radhi mara nyingi, shemeji anasema, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye droo, kwa sababu aliona haya, na kadiri miaka ilivyopita aliona haya pia kwa kuchelewa.

Juni 2022 aligundulika kuwa na tatizo la moyo, akalazwa mara tatu, na tarehe 2 Januari mwaka huu, akiwa kitandani, aliniagiza nilete kalamu, akanieleza haya, akasema yasomwe kabla ya sifa yoyote. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 11 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Kwenye kikao cha familia baba mdogo alisema msibani hapafuliwi nguo chafu, na wa kwanza kunyoosha mkono kumuunga nilikuwa mimi, niliyeyaandika maneno yake kwa kalamu yangu mwenyewe, hadi binti yake akasimama akauliza, "Mjomba, mama alinyamaza miaka thelathini na tatu, ninyi mnataka anyamaze mingine mingapi?" Nikaushusha mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupa viti, maji na bega la kulilia, na wafanyakazi wenzake wa wodi ya watoto waliokuja na sare zao. Yupo mwingine tuliyetaka kumshukuru kwa jina, na jana tulilifungua daftari la ukaguzi, tukakipata kijiji, tukaipata stoo, tukazipata alama mbili, na mahali pa jina la mkuu wa kaya dada yetu, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika "hayupo", akaendelea na kaya nyingine. Shemeji naye hakumbuki, wala hana hakika kama waliwahi kumuuliza.

Mama, popote ulipo, ukiwa hai au ukiwa umetutangulia, familia hii inakuomba radhi. Dada, tumeyasoma yote mbele za watu. Pumzika sasa.