Bonde Chini ya Nailoni

Sogeeni karibu, wanangu. Wawira, niinulie huo mto kidogo, maana kifua hiki hakinipi tena nafasi ya kurudia somo mara mbili. Njagi, nakuona umesimama mlangoni. Simama hapo ukitaka, lakini sikiliza. Nimefundisha darasa la kwanza tangu ujana wangu, na najua mtoto wa mlangoni husikia kuliko aliyeketi mbele.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchelewesha. Shamba hili la hapa Kanja nililinunua kwa mshahara wa chaki baada ya maji kutufukuza kule chini. Upande wa kahawa ni wa Njagi. Upande wa kijito ni wa Wawira, wala mtu asiulize kwa nini binti anarithi; ndiye aliyenilisha uji mkono wangu ulipokataa kijiko. Hapa katikati, penye nyumba, ni pa watoto wa ndugu yenu, marehemu Kivuti, na mama yao. Mtu asiwahamishe. Wamehamishwa vya kutosha. Ng'ombe msimuuze kabla hajazaa. Nimebakiwa na deni moja tu, nalo ni neno, na leo nitalilipa.

Mnakumbuka babu yenu alivyokufa. Wapima ardhi wa bwawa walikuwa wameshapiga vigingi vyao hadi kwenye zizi lake, naye akakataa kufa kimya. Alituita, akashika konzi ya udongo, akaweka kirumi, lile katazo la mzee anayekata roho ambalo kwetu huogopwa kuliko mahakama. Akasema, "Atakayeuacha mto huu, mto utamfuata." Tukamzika palepale, chini ya mgunga. Mvua iliyofuata haikutukuta huko. Malori yalikuja, tukapakiwa pamoja na mbuzi, na mama yenu akashuka mara mbili kwenda kuepua githeri iliyokuwa bado jikoni, na mara mbili askari wakampandisha. Tulipotazama nyuma, paa lilikuwa limeshalala chini. Kisha maji yakapanda, yakafunika zizi, kanisa na kaburi la babu yenu.

Huku juu tukaitwa watu wa maji. Shamba likawa dogo kwa midomo yetu, na mwaka wa tisini na tatu Kivuti akashuka kulima kando ya bwawa, kwenye tope jeusi linalobaki maji yakipungua. Alikwenda kuchota ndoo moja ya maji. Mamba hakuturudishia hata cha kuzika. Ndipo wewe Njagi ukasema, mbele ya waombolezaji wote, "Mto umemfuata." Tangu siku hiyo hujapanda hapa hata mparachichi mmoja. Unaishi kama mtu anayengoja gari stendi. Na sasa nimeona mabati ya nyumba yako yamefungwa kwa kamba za katani, na nimeambiwa Jumamosi unawashusha wanao ukajenge ukingoni mwa maji, ili babu yako aridhike.

Kwa sababu hiyo niliwaomba wiki iliyopita mnibebe kama gunia hadi kwenye makumbusho waliyofungua watu wa bonde letu katika lile ghala la zamani la pamba. Nilitaka tuone pamoja. Tukaona vinu, mizinga ya nyuki, mlango wa kanisa. Halafu yule binti mtunzaji, Linda, akatupeleka kwenye meza kubwa, na juu yake nailoni ya buluu imetandazwa.

Akasema, "Hivi ndivyo bonde lilivyo leo. Sasa tunaondoa maji."

Akaikunja nailoni, na bonde letu likawa chini yake, limefinyangwa kwa udongo: mto, vijia, kila boma mahali pake, hata letu na mgunga wake wa kijiti. Wawira alilia. Mimi pia, msione haya kwa ajili yangu. Lakini Njagi alipiga magoti, na Linda alipotaka kuifunika meza akamshika mkono.

"Usirudishe hayo maji, wewe msichana!"

"Mzee, ni nailoni tu. Kuna wanafunzi wanangoja nje."

"Nailoni gani? Ndugu yangu yuko chini ya hayo!"

Na kikongwe mmoja wa bonde letu, mwenye fimbo, akasema, "Mwacheni akae. Humu angalau hakuna mamba." Watu wakacheka, wakaona uso wako, wakageukia mizinga.

Njagi, mwanangu, nilikutazama pale, nikajua nimechelewa kusema. Yule binti aliyaondoa na kuyarudisha maji kwa mkono wake, tukamwona. Na yale maji ya kweli yaliletwa na mikono vilevile: mikono ya waliopiga vigingi, waliotia sahihi, walioendesha malori. Babu yako hakuuziba mto. Babu yako hakumtuma Kivuti kutafuta chakula kwenye tope. Kila unaposema ni kirumi, wale waliotutoa hulala usingizi mtamu zaidi, kwa kuwa umemtwika maiti mzigo wa walio hai. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wao wanawasha taa kwa umeme wa bwawa, sisi tunahesabu makaburi tusiyo nayo.

Lakini najua maneno hayatoshi. Hofu haitoki kwa somo. Mila inasema kirumi hufunguliwa na aliyekiweka, na akiwa amekufa, na mtoto wa kumzaa. Ndugu zangu wote wametangulia. Nimebaki mimi peke yangu, na nikinyamaza, hakuna mwingine chini ya jua atakayekufungulia.

Wawira, lete ile asali. Nitaionja, kisha nitaipuliza pamoja na mate juu ya viganja vyenu, kama alivyotufanyia babu yenu tulipokuwa wadogo. Mchungaji akiuliza, mwambieni hata Bwana wetu alitumia mate.

Njagi, njoo. Njoo, baba... Usiniache nikuite kama mgeni.

Haya. Piga magoti. Fungua mikono.

Kwa nini huo wa kulia umeufumba? Ufungue. Mwalimu huona mkono uliofumbwa... hata macho yakiwa yameisha.

Ah. Umelibandua pale mezani. Boma letu, na mgunga wake. Umelibeba mfukoni wiki nzima.

Usilifiche. Sikukemei. Liweke hapo kiganjani, nitawabariki nyote wawili.

Mimi, mwana wa yule aliyefunga, nafungua. Mto usimfuate mtu. Aliyetolewa kwa nguvu hakuacha. Mjenge, mpande, mzae, na watoto wenu walale bila... bila kusikia maji.

Umepata asali kidogo, huo udongo. Si neno, utakauka.

Jumamosi usiende ukingoni. Nenda ghalani, umrudishie Linda, alibandike mahali pake. Wale wanafunzi waliongoja nje... wataona pengo, wadhani hapakuwa na mtu.

Kisha fungua mabati. Na mimi mnizike hapa, upande wa kahawa. Panda mti juu yangu. Mgunga, ukiweza... huku baridi, lakini jaribu.

Mungu awatangulie. Wawira, shusha mto.

Nishike mkono, Njagi. La, kwa ule mwingine. Huo una nyumba.