Bi Mahfudha Salmin, Adui wa Msongamano

Imeandikwa na Kanze Ngala, Idara ya Safari, kwa jarida la wafanyakazi wa Kasa Safari, Malindi

Ijumaa hii, tarehe 30 Desemba 1988, Bi Mahfudha Salmin anastaafu baada ya kuitumikia Kasa Safari kwa miaka ishirini na minne kasoro siku tano. Hizo siku tano kazitaja mwenyewe. Nilipomwonyesha rasimu iliyosema "miaka ishirini na minne" aliikata kwa kalamu nyekundu akanirudishia. Kwa hiyo atakayekuta kosa humu ajue limempita na yeye.

Alizaliwa hapa hapa Malindi, mtaa wa Shela, akalelewa na shangazi yake, Bi Tumu Athman, tangu mamake alipofariki. Tuliajiri watu wachache siku hizo. Jumatatu ya tarehe 4 Januari 1965 alipewa kiti, meza na simu, akaambiwa yeye ndiye karani wa simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na waliompigia walidhani watamshinda. Hakuna aliyemshinda.

Jambo moja lazima lisemwe mapema: Bi Mahfudha hapendi umati. Harusini huenda wakati maturubali ndiyo kwanza yanafungwa, akatoa mkono wa heri, akala sahani yake, akaondoka kabla bwana harusi hajafika. Sokoni humkuti baada ya saa moja asubuhi. Katika sherehe ya kumuaga ameomba watu waingie kwa zamu, na ratiba ya zamu hizo ameitunga yeye.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, nieleze kidogo kazi yetu. Meli za watalii hufunga gati kisiwani Mombasa kuanzia Novemba hadi Machi. Abiria mia sita au zaidi hushuka kwa pamoja, na wana siku moja tu ya kuiona pwani hii kabla meli haijang'oa nanga jioni. Makampuni saba, sisi tukiwemo, huwapakia kwenye mabasi saa moja na nusu asubuhi. Zamani mabasi hayo yalifuatana hadi feri ya Kilifi, yakafuatana hadi kwenye magofu ya Gede, na saa sita mchana yote yakashusha watu Malindi, kwenye mnara wa Vasco da Gama na sokoni. Mgeni alikuwa amesafiri nusu ya dunia ili aangalie kisogo cha mgeni mwenzake.

Bi Mahfudha aliliona hilo akiwa mezani kwake. Hakuna aliyemtuma, lakini alianza kumpigia simu mwenye duka mmoja pale Mnarani, upande wa kusini wa feri, kumuuliza foleni imefika wapi. Jibu lilikuja kwa mikorosho iliyo kando ya barabara: "Imefika mkorosho wa pili," au siku mbaya, "Mkorosho wa tano, bibi, na bado wanakuja." Madereva wetu nao walisimama njiani, Mtwapa, kumpigia, naye akawaambia waendelee au wakawapumzishe wageni ufukweni kwanza. Meneja wetu, Bwana Abdulghani, alipohamia hapa kutoka Nairobi, alisoma "Mkorosho wa Tatu" katika taarifa zetu kwa mwezi mzima akidhani ni jina la hoteli.

Sasa nifike Januari 1984, ambako yeye mwenyewe amenitaka nifike. Alisema sifa bila kosa hilo hazitaki.

Njia ya Shela ilikuwa wazo lake. Wakati makampuni mengine yanasukumana mnarani, sisi tutawapitisha wageni wetu kwenye vichochoro vya mtaa wake wa kuzaliwa, penye kivuli na utulivu. Alitengeneza hata karatasi ya maneno matano ya Kiswahili ya kugawa ndani ya basi. Neno la nne lilikuwa "karibu", na tafsiri yake aliandika: ingia ndani.

Tafsiri hiyo ndiyo iliyotuponza. Sisi watu wa pwani "karibu" haitutoki mdomoni. Mtu akipita mlangoni nawe unakula, utamwambia karibu. Akipita unachagua mchele, karibu. Mpitaji naye anajua la kujibu: "Starehe," yaani kaa raha yako, usisumbuke, mimi napita tu. Jibu hilo Bi Mahfudha hakuliandika. Alilijua tangu utotoni, na mtu hakumbuki kufundisha jambo ambalo hakumbuki kufundishwa.

Siku hiyo wageni wetu thelathini na wanne waliingia kichochoroni, na mabasi mawili ya makampuni mengine yalipoona tumepata njia mpya yakatufuata. Watu karibu mia wakawa wamebanana mahali ambapo wawili hupishana kwa taabu. Bi Tumu alikuwa ndani, mwezi wa tatu wa eda ya mumewe, na mjane aliye kwenye eda haonekani na mwanamume asiye wa kwao mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Majirani wa kike walizoea kuja kukaa naye saa hizo. Alisikia viatu mlangoni, akaita, "Karibuni, piteni!"

Wakapita. Walikuwa wametii karatasi yetu. Wanaume kwa wanawake, kaptura na kamera, hadi ukumbini alipokaa mjane katika nguo zake nyeupe. Akavuta msala akajifunika uso, na wao wakidhani ndiyo mila wakampiga picha. Nilikuwapo nje nikijaribu kuwarudisha, na mpaka leo nikilikumbuka hilo nasikia aibu.

Baada ya sala ya alasiri wanaume wa mtaa walikubaliana msikitini kwamba mtalii asikanyage Shela tena. Wanawake walisema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Bi Mahfudha alipokwenda jioni kwa Bi Tumu kuomba radhi, alipiga hodi, akatoa salamu, na shangazi akaijibu, kwa kuwa salamu hainyimwi mtu. Karibu hakuambiwa. Alisimama nje ya mlango wa nyumba aliyolelewa, akangoja, kisha akarudi kwa mumewe, mtaa wa Barani.

Kesho yake alikuja kazini saa ile ile ya kila siku. Wengine wetu tulidhani ataacha kazi, na meneja alimwambia anaweza kuhamia idara ya tiketi mpaka mambo yapoe. Alikataa. "Mtaa nimeuvuruga mwenyewe," alisema, "nitautengeneza mwenyewe."

Alianza na nyumba. Zilikuwa arubaini na moja, na zote alizipigia hodi. Mzunguko wa kwanza aliomba radhi tu. Mzunguko wa pili aliuliza: saa ngapi mnapika, saa ngapi mnalala, siku gani hamtaki kuona mtu? Wengine walimfungulia, wengine walimjibu dirishani, na mama mmoja alimwaga maji ya dagaa karibu na miguu yake, akasema hakumwona. Bi Mahfudha aliandika yote katika daftari. Ijumaa akaipiga mstari, na siku za msiba pia.

Halafu akapanda basi kwenda Mombasa, ofisi moja baada ya nyingine, na daftari lake mkobani. Alitaka makampuni yote saba yapokezane: wewe Gede asubuhi, yeye Malindi asubuhi, mchana mbadilishane. Walimcheka. Akarudi wiki ya pili. Mkubwa wa kampuni moja aliagiza aambiwe hayupo, na Bi Mahfudha akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu hadi saa tisa, akifuma kofia, mpaka asiyekuwepo alipotoka kwenda kula. Kofia hiyo alimzawadia. Kampuni hiyo ndiyo ya kwanza kukubali.

Na kila jioni, kabla ya kwenda kwake, alipita kwa Bi Tumu. Hodi, salamu, jibu la salamu, basi. Aliweka barazani alichobeba, maandazi au matunda, akaondoka. Ilikwenda hivyo miezi kumi na minne. Nilimuuliza siku moja kama hachoki. Alinijibu kwamba anachoka sana, kisha akaniuliza kama nimemaliza kuchapa barua za kesho.

Machi 1985 wanawake wa Shela walikubali kutujaribu mara moja. Wageni kumi, wasizidi, na kukitokea kosa lolote mlango umefungwa milele. Siku hiyo feri iliharibika kwa saa mbili, mabasi yetu manne yakawasili kwa pamoja kwenye yadi ya ofisi yetu, na Bwana Abdulghani akaamuru watu wote washuke mjini kwa mkupuo maana meli haingoji. Bi Mahfudha hakubishana. Alifunga lango la yadi kwa kufuli, akatia ufunguo ndani ya buibui lake, akaenda kuswali adhuhuri. Bwana Abdulghani, aliyeniruhusu kuyaandika haya kwa moyo mweupe, alizunguka yadi ile akiulizia ufunguo hadi kwa paka. Wageni walikunywa madafu na hakuna aliyelalamika.

Aliporudi alichagua kumi, akawapanga mstari mbele yake. Akawa anawaambia "Karibu!" kwa tabasamu lake tamu kabisa, na yeyote aliyesogeza mguu alitolewa mstarini. Bwana mmoja wa Kijerumani, mkubwa wa umbo na mpole, alitolewa mara mbili na akaomba arudishwe. Walipojua wote la kujibu, alifungua lango akawaongoza mwenyewe.

Bi Tumu alikuwa ameketi mlangoni na ungo wake, eda ilikwisha zamani. Kundi lilipomkaribia aliinua macho. Kama alisahau au alikusudia, hatujajua hadi leo, lakini alisema, "Karibuni!"

"Starehe!" wakajibu wote kumi kwa pamoja, na wakapita zao bila kupunguza mwendo. Bi Tumu alicheka hadi akashika mbavu na mchele ukamwagika. Jioni yake Bi Mahfudha alipopiga hodi na kutoa salamu, sauti ikatoka ndani: "Pita, mwanangu, chai inapoa." Anasema chai yenyewe ilikuwa imekwisha kupoa kitambo, na aliinywa yote.

Mwaka 1986 makampuni yote saba yalikuwa yakifuata daftari lake, na siku hizi ofisi za meli zenyewe hutuandikia kuomba "Malindi kwa makundi madogo". Amewafundisha kazi wafanyakazi kumi na wanane wa idara hii, mimi nikiwa mmojawao. Hajawahi kuikosesha meli hata abiria mmoja. Meza yake ataikalia Monicah, ambaye kwa miezi sita amekuwa akipigiwa simu za uongo na Bi Mahfudha kutoka chumba cha pili, kumjaribu.

Nimebakisha jambo moja. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 23 Novemba mwaka huu, Bi Tumu alifariki. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Siku hiyo gatini Mombasa palikuwa na meli ya watu mia tisa, na adhuhuri ndiyo saa ambayo makundi hupokezana mjini kwetu. Nilipofika ofisini saa kumi na mbili na nusu nilimkuta Bi Mahfudha mezani, kanga kichwani, macho makavu, simu sikioni. Alikwisha kuongea na makampuni matano na alikuwa akitafuta ya sita. Alifunika simu kwa kiganja akaniambia, "Kanze, shangazi yangu leo apite peke yake."

Nilidhani atasihi sana. Hakuhitaji. Kila ofisi ilipousikia msiba ilisema maneno yale yale: pole, Bibi, leo hatuji. Mabasi yote yaliishia Gede na Watamu, na wageni mia tisa wakarudi melini bila kuuona mji wa Malindi.

Saa saba na nusu jeneza lilitoka nyumbani kwa Bi Tumu. Sisi wanawake tulibaki mlangoni, kama desturi ilivyo. Kichochoro kilikuwa kitupu mwanzo hadi mwisho, hapana mgeni, hapana kamera. Bwana Abdulghani alikuwa amesimama kwenye kona ya barabara kuu na tai yake tangu saa tano, kwenye jua, akiwageuza waendesha baiskeli, na jeneza lilipomfikia akatia bega. Wanaume walikwenda bila kusukumana, bila kusimama, mpaka wakapinda na sauti zao zikapotea. Hapo ndipo Bi Mahfudha alipoketi chini akalia, na tulimwacha alie.

Bi Mahfudha, tarehe 14 Januari meli nyingine inaingia. Hatutaruhusu mtu aiharakishe Shela, awe meneja, awe nani. Asante kwa ukali wako, na kwa kila barua uliyoturudishia ina wekundu. Nenda nyumbani kwa amani. Mungu akupe umri, akupe afya, na nyumba yako isikose wageni, mmoja mmoja.