Bi Rawya, Msuluhishi wa Watoto Wasioweza Kungoja

Ifikapo tarehe 31 Desemba mwaka huu, Bi Rawya binti Msellem atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha huduma za watoto hapa Maskati kwa miaka ishirini na minane, zaidi ya nusu yake akiwa mkuu wa Dawati la Usuluhishi. Nimepewa mimi kuandika wasifu wake kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na pia, nadhani, kwa sababu wengine wote walitoa udhuru. Yeye mwenyewe ameniomba nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa habari za Bi Rawya huja na chumvi yake.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa bado mdogo, na kazi alianzia katika shule ya chekechea huko Ruwi. Alipojiunga nasi alifundisha watoto wadogo wenye matatizo ya kusikia, kusema na kutembea. Hapo ndipo alipoona wazazi na wataalamu wakigombana juu ya vichwa vya watoto wenyewe. Mzazi anataka mazoezi mara tatu kwa wiki, kituo kina nafasi ya mara moja. Mama anaambiwa mwanawe hana tatizo, naye anajua analo. Bi Rawya akawa anaitwa kutuliza mambo, na aliitwa mara nyingi hivi kwamba uongozi ukaona bora umpe chumba, meza na cheo.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuitoa ile meza. Alitandika zulia, akamwaga vitu vya kuchezea, na tangu siku hiyo vikao vyake vyote vikafanyika chini, mtoto akiwa katikati. Wakubwa waliokuja na kanzu zilizopigwa pasi na vilemba vilivyofungwa barabara walikaa kitako kama sisi wengine. Mwanasheria wetu mmoja aliondoka na alama ya kiganja cha mtindi mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Bi Rawya aliamini kwamba mtu akishapandwa mabegani na mtoto, hawezi tena kumwita kesi.

Subira ya watoto alikuwa nayo tele. Ya watu wazima ilikuwa ya kupima kwa kijiko. Ukigombana na jirani yako mwaka mzima, umepoteza mwaka na hukupoteza zaidi. Mtoto wa miaka miwili akikosa mazoezi huku wakubwa wakishindana, anapoteza wakati ule ule ambao akili yake ilikuwa tayari kujifunza kusikia na kusema. Hilo alilisema kila siku, na kila siku alilisema kwa hasira mpya.

Sasa niseme kosa lake kubwa. Sifichui siri, maana yeye mwenyewe huwasimulia wafanyakazi wapya kabla hawajaonyeshwa choo kilipo.

Sisi tuliotoka Unguja tuna ugonjwa wetu. Wakikutana wawili wasiojuana, kahawa haijapoa tayari washaulizana: wewe mtoto wa nani, mlikuwa mkikaa mtaa gani, bibi yako si yule aliyekuwa akishona? Bi Rawya aliufanya ugonjwa huu kuwa dawa. Akiona pande mbili zimekazana, alichokonoa nasaba mpaka zikapata pa kukutania.

Katika miaka ya mwanzo ya dawati aliletwa Hajar, mtoto wa miaka miwili na kitu. Hakuwa akisikia vizuri kwa masikio yote mawili na ndiyo kwanza amepata vifaa vya kumsaidia kusikia. Kwao ni Qurayyat. Mtaalamu wa matamshi alikuwa akienda nyumbani kwao kila wiki, kisha kituo kikazikata safari hizo kwa sababu ya umbali, kikataka familia imlete mtoto Maskati. Baba yake, Muatasim, ni mwalimu na hakuweza kuacha darasa. Mama yake, Mazoon, wakati huo hakuwa akiendesha gari, na mkononi alikuwa na mwingine wa kunyonya. Baba akaja juu. Bwana Yaarub, aliyekuwa mkuu wetu wa huduma za majumbani, naye hakurudi nyuma.

Kikao kilianza kwa ukali. Kahawa ilipopita, Bi Rawya akauliza, kwa nia njema kabisa, bibi yake Muatasim alikuwa akikaa wapi Unguja. Malindi. Bwana Yaarub akainua kichwa, kwani bibi yake pia alikuwa wa Malindi. Haukupita muda ikabainika kwamba mabibi hao walikuwa mtu na binamu yake, na kila mmoja alimnyonyesha mtoto wa mwenziwe, hivyo watoto wao wakawa ndugu wa kunyonya. Wanaume wakasimama wakakumbatiana. Bwana Yaarub alisema, huku akijifuta macho, "Yamekwisha, ndugu yangu. Huyu mtoto n'mtoto wetu." Muatasim akajibu kwamba hana neno. Bi Rawya hakuona haja ya kupanga siku wala saa ya mtaalamu kurudi Qurayyat. Alirudi nyumbani akijisifu moyoni.

Miezi kama mitatu baadaye alikutana na Mazoon katika soko kuu la mboga la Maskati, lilipokuwa bado mtaa wa Mawaleh. Hajar alikuwa amekaa ndani ya kigari cha kununulia, amewapa mgongo. Bi Rawya alimwita taratibu, kisha kwa sauti iliyowageuza wauza vitunguu. Mtoto hakugeuka. Masikioni hakuwa na kitu. Vile vifaa alikuwa akivivua kila akivikwa, na hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha wazazi namna ya kumzoesha.

Mtaalamu hakuwahi kurudi Qurayyat. Muatasim aliona haya kumdai ndugu yake. Bwana Yaarub, kwa kuwa hakudaiwa, alidhani wamepata njia nyingine, na aliona haya kuuliza asije akaonekana anawasukuma. Watu wazima wawili walikuwa wanalindana heshima. Mazoon aliinama juu ya kigari akasema, "Nnaona haya hata kukwambia, Bi Rawya. Tulipokuwa tukigombana, mwanangu alikuwa na cha kungojea. Tulipopatana, hana hata hicho."

Siku ile Bi Rawya hakununua kitu. Alikaa ndani ya gari lake akalia, na simlaumu, ningelia na mimi.

Kesho yake asubuhi alimpakia Bwana Yaarub kwenye gari la kituo na kumwambia dereva wetu, Kakooza, awapeleke Qurayyat. Sababu aliitoa walipokwisha kutoka mjini, mahali ambapo mtu hawezi kushuka. Nyumbani kwa Muatasim walipokewa kwa tende, halua na salamu ndefu, na mabibi wa Malindi wakaanza tena kutajwa. Bi Rawya akainua mkono. "Udugu wenu nnausikia, na Mungu audumishe. Lakini Hajar hakunyonyeshwa na bibi zenu. Nambieni siku gani na saa ngapi."

Wakagombana upya, na safari hii aliwaacha. Baba akasema asilolitaka, mkuu akasema asiloliweza, sauti zikapanda mpaka jirani akachungulia. Mwishoni walikubaliana kwamba mtaalamu atakwenda Qurayyat kila Jumanne na kuwaona pia watoto wengine wa huko waliokatiwa huduma, Muatasim atamleta Hajar Maskati mara moja kwa mwezi, na Mazoon atafundishwa mazoezi ya kila siku. Walitia saini wote wawili wamenuna. Bi Rawya anasema ile ndiyo suluhu ya kwanza aliyoiamini.

Kakooza angali akiendesha gari hilo kila Jumanne. Hulalamika, "Mama, hii barabara sasa naijua kuliko ya kwetu Masaka," lakini mjaribu kumpa mtu mwingine zamu yake muone.

Tangu hapo, katika dawati letu ni marufuku kuulizana nasaba kabla ya saini. Nimeshuhudia mzazi na daktari wenye pua zinazofanana wakitazamana kikao kizima, roho zikiwatoka kwa hamu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Bi Rawya hakuwahi kujifariji kwamba miezi ile ilirudi. Haikurudi. Hajar alichelewa kusema, na kwa muda mrefu ni mama yake tu aliyemwelewa. Kila Jumanne, gari liliporejea, Bi Rawya alishuka ngazi kumuuliza mtaalamu Hajar amesema nini leo, na majibu mengi yalikuwa mafupi. Siku alizopata jibu refu alitununulia sambusa ofisi nzima. Mengine aliyoyafanya ni mengi: ametufunza sisi wasuluhishi tunaomrithi, ameifanya ziara ya majumbani kuwa haki isiyokatwa kabla familia haijasikilizwa, na ametutumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya harusi.

Nilipofika hapa kwenye kuandika, wiki iliyopita, simu ya ofisi ililia. Msichana akatoa salamu, akasema yeye ni Hajar wa Qurayyat, na akataka kujua sherehe ya kumuaga Bi Rawya inaanza saa ngapi, maana naye ana la kusema. Maneno mengine yalimtoka mazito, nikamwomba arudie, akarudia bila ya kukasirika. Nilimwambia kwamba tunaweza kumwandikia hotuba fupi ya kusoma. Akanijibu, "Usiniandikie. Nna maneno yangu."

Kwa hiyo hotuba ya kumuaga Bi Rawya haimo katika kijitabu hiki, na wala sijui itasema nini.

Bi Rawya, ahsante kwa zulia, kwa hasira zako na kwa kutufundisha kugombana vizuri. Mungu akupe afya, usingizi mwema na siku ndefu zenye raha pamoja na wanao. Na leo usihangaike na wageni wala kahawa. Kaa kitako, Hajar anataka kusema.