Niliuona Waya

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Miembeni. Asifiwe na ninyi mlionipa nafasi hii, na asifiwe pia na ninyi wa viti vya nyuma mlioficha nyuso zenu mliponiona nasimama. Msiogope. Leo nimekuja mikono mitupu, bila simu.

Naitwa Deusdedit, mzaliwa wa Kamachumu, lakini wengi mnanijua kwa jina la Deo Mdomo. Mimi ni Mhaya, kwa hiyo sitawaambia kwamba wafuasi wangu mtandaoni walikuwa wachache. Walikuwa wengi mno, na niliwapata kwa kazi moja tu, kuwacheka watu. Bibi harusi akilia hadi poda ikachuruzika, nilikuwepo. Mgeni rasmi akipotea katikati ya hotuba, nilikuwepo. Nilichukua aibu ya mtu, nikaiwekea muziki, nikairusha, na chai haijapoa watu wa Mwanza na Dar es Salaam wameshavunjika mbavu. Walionitukana walikuwa wengi pia, nami matusi yao niliyala kama ndizi na maharage.

Sasa niwaambie habari za Mzee Novati. Huyu ni baba yangu wa ubatizo, ndiye aliyesimama na wazazi wangu siku namwagiwa maji. Kijijini kwetu hapakuwa na mchezaji ngoma wa kumfikia. Harusi ambayo Mzee Novati hakuingia uwanjani, watu walirudi nyumbani wakinung'unika. Siku anaolewa binamu yangu aliingia kama kawaida yake, mabega yanatikisika, akina mama wanapiga vigelegele. Mguu wake ukanasa kwenye waya wa spika, akaanguka kwa ubavu mbele ya wakwe.

Nilikuwa karibu, simu mkononi. Ule mwanguko niliurudia mara sita, polepole, nikauwekea sauti ya mbuzi. Hakuna video yangu iliyowahi kutazamwa kama ile. Mzee aliumia nyonga, akatembelea fimbo. Fimbo baadaye aliiacha, lakini uwanjani hakurudi. Wakimwalika harusini alituma mkungu wa ndizi na salamu, yeye mwenyewe anabaki kwenye kibanja chake cha migomba.

Ndugu zangu, hakuna aliyenigusa hata kwa kofi. Ila tulipofiwa na baba yangu mdogo, nilikaa msibani na wanaume wengine, na kikapu cha kahawa ya kutafuna kikaanza kuzunguka. Mnajua wenyewe, kwetu hata mgeni asiyejulikana hupewa punje mbili tatu. Aliyekuwa anagawa ni Ma Paskazia, mke wa Mzee Novati. Alimpa jirani yangu wa kulia, akanipita, akampa wa kushoto. Niliumia, halafu nikafanya upumbavu wangu, nikatoa simu nikarekodi hata hilo.

Baada ya hapo watu wakaanza kunichoka. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye kikundi cha mieleka ya burudani, akaniambia, "Deo, watu wanakuchukia bure. Njoo kwangu wakuchukie kwa kiingilio." Nikaona hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Ningekuwa mhalifu wa ulingoni, yule anayeingia na miwani myeusi akiwatukana watazamaji, kisha anapigwa na wote wanafurahi.

Kocha wetu alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mkali, anaitwa Vaileth. Nilidhani atanifundisha kupiga. Wiki tatu nzima akanifundisha kudaka. Katika mieleka ya burudani, ndugu zangu, kazi ya kwanza ni kumlinda yule unayemwangusha. Unamnyanyua mwenzako, watu wanapiga kelele, kumbe mkono wako mmoja uko chini ya mgongo wake ili asivunjike. Nikisahau, Kocha alisimamisha mazoezi na kuniuliza swali lile lile.

"Mikono yako iko wapi, Deo?"

"Hapa, Kocha."

"Hapo ni kwako. Kwa mwenzako iko wapi?"

Nililichukia swali hilo. Nilijua linanitafuta, nikawa nalikimbia.

Tukaenda kufanya onyesho Muleba, kwenye uwanja karibu na soko. Nikazomewa kwa moyo wote. Nilipangiwa kupambana na Sadiki, baba wa watoto watatu, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwafahamu. Alipanda juu ya kamba anirukie, na mguu wake ukanasa. Nikamwona anageuka hewani, kichwa chini. Hilo halikuwa kwenye mpango wetu. Kabla sijawaza lolote nilikuwa chini yake, tumeanguka pamoja, bega langu linawaka moto, na Sadiki mzima juu ya kifua changu.

Nikalia pale pale ulingoni. Watu wa Muleba walidhani ni sehemu ya burudani, wakashangilia. Sadiki akaninong'oneza, "Umevunjika?" Nikamwambia hapana. Lakini nilikuwa nimevunjika, ndugu zangu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imenikumbusha jambo nililolificha miaka mitatu.

Siku ile ya harusi niliuona waya. Niliuona kabla mzee hajafika, nikaona na mguu wake unakokwenda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hauna kitu, na yeye alikuwa hatua moja tu kutoka nilipo. Sikumwita wala sikumshika. Nilinyanyua simu nikasubiri. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na sauti ya mbuzi niliiongeza tu juu yake.

Niliungama kwa padre. Kisha, bega likiwa bado limefungwa, nikaenda Kamachumu. Mzee Novati alikuwa anapunguza majani ya migomba. Nikapiga magoti na kumwambia yote, bila kupunguza. Alikata jani moja zaidi, akaliweka chini juu ya mengine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Tata?"

"Nilikuona unautazama waya, kisha ukanitazama mimi. Wanadhani nimeacha ngoma kwa sababu ya kuchekwa. Mimi nimechekwa tangu ujana wangu, mwana wange, na nikaendelea kucheza. Nilishindwa kuingia tena uwanjani kwa sababu mtoto niliyemsimamia aliniona naanguka akanyamaza. Nikawa namsubiri aseme mwenyewe."

Kisha akamwita mkewe alete kahawa. Ma Paskazia akasimama mlangoni, akanitazama, akamtazama mumewe. Nilidhani atarudi ndani na kufunga mlango. Akaja na kikapu, akaniwekea punje kiganjani mwenyewe. Nilizitafuna huku machozi yananiingia mdomoni.

Najua kuna wanaouliza, mbona Deo ameokolewa na bado anapigana mieleka? Ndiyo, bado mimi ni mhalifu wa ulingoni, na mtu anayenizomea kwa sauti kubwa kuliko wote huketi mstari wa mbele, jina lake Novati. Mungu hakunitoa kwenye kuzomewa. Alinitoa kwenye kusimama na kuangalia wenzangu wakianguka, na kwa hilo namshukuru asubuhi na jioni. Ile video niliifuta, ingawa najua wapo walioihifadhi. Nawaomba kwa unyenyekevu muifute na ninyi.

Na wewe uliyeketi hapa, ambaye kuna waya uliuona ukanyamaza, usisubiri bega lako liteguke. Mtumaini Yesu, kisha inuka uende ukaseme. Huenda unayemwogopa amekaa kwenye kibanja chake anakungoja.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Kamachumu. Ngoma zilipoanza, nilizunguka uwanja mzima nikizikunja nyaya za spika na kuzisogeza ukutani. Mzee Novati akavua koti, akamkabidhi mkewe, akaingia. Nilisimama karibu naye, hatua moja, mikono yote miwili mbele. Alicheza hadi akachoka, na hakuniangalia hata mara moja kuhakikisha kama nipo.