Veronika Sirili na Jiko Lisilopikiwa Chakula

Baba Paroko, ndugu wa ukoo, majirani na waombolezaji wote, naitwa Gladys Sirili, dada wa marehemu, nasoma historia hii kwa sababu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba isisomwe na mtu wa upande wa mumewe.

Veronika alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Kibosho, mtoto wa tatu wa Mzee Sirili na Mama Mektrida, akabatizwa na kupata kipaimara katika parokia yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, sekondari hadi 2002, kisha ufundi wa elektroniki mjini Moshi, alikohitimu mwaka 2005 akiwa msichana pekee darasani, na mwaka uliofuata akaanza kazi ya kutengeneza redio na simu katika duka moja la Himo.

Tarehe 18 Septemba 2010 alifunga ndoa takatifu na Martin, wakajaliwa watoto wawili, Jesse mwaka 2011 na Kindness mwaka 2014, na baada ya huyo wa pili aliacha kazi ya Himo, akahamishia ufundi wake nyumbani, katika chumba kidogo kilichopakana na jiko la mama mkwe wake.

Humo ndimo alimotengenezea bodi za kuongoza joto katika mashine za kutotolesha vifaranga. Alikuwa na jiko la umeme la sahani moja, alilolinunua Holili, ambalo halikuchemshiwa hata chai tangu lilipofika, akipaka lehemu ya uji, yaani bati na risasi laini ya kuunganishia, juu ya bodi, akipanga kwa kibano vipande vya elektroniki vidogo kuliko punje za ulezi, akiiweka bodi juu ya sahani na kupandisha joto taratibu, mpaka uji ule wa kijivu uyeyuke na kung'aa, na vipande vyenyewe vijivute kila kimoja mahali pake, kisha anazima jiko, anafungua dirisha, na hakuna kuigusa bodi hiyo mpaka ipoe. Aliipenda mno dakika ile ya kung'aa, aliwaita watoto waje kuitazama. Mama mkwe alitania kwamba mwanawe ameoa mwanamke anayekaanga vyuma, na Veronika alicheka, kwani siku hizo utani ulikuwa utani tu.

Mwezi Mei 2021 ng'ombe wa maziwa wa shemeji yake, Basili, alikufa katika zizi lililokuwa nyuma ya chumba kile. Basili akaitisha kikao cha ukoo, akasema ni moshi wa risasi iliyomo katika lehemu ya Veronika uliomuua, naye Veronika akaomba jambo moja tu, wasubiri daktari wa mifugo ampasue, hawakusubiri. Daktari alipofika jioni alikuta tumbo limejaa mifuko ya plastiki na kamba ya katani, lakini mbege ya kikao ilikwisha kunywewa, hukumu ilikwisha kutoka, na inaonekana kwetu ni rahisi kumwonea mwanamke kuliko kurudisha pombe mtungini.

Akahamishiwa yeye na kazi yake katika banda la zamani la mbuzi, ukungu wa mlimani ukaingia, bodi zikashika kutu, Martin hakumtetea, watoto wakaitwa wana wa muua ng'ombe. Hata hivyo hakuacha kazi, na mwenye masikio awasikie vifaranga wanaolia nyuma ya nyumba ya Basili asubuhi hii, wametotolewa kwa bodi ya Veronika. Miaka yote hiyo alitaka neno moja tu litamkwe mbele ya ukoo uliomhukumu, kwamba hakuua ng'ombe, na hilo moja mlimnyima, na linatuuma.

Mwaka 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, vipimo vikaonyesha valvu za moyo zilizoharibika tangu utotoni, ugonjwa ambao madaktari walisema wazi hauhusiani na moshi, basi anayenong'ona huko nyuma anyamaze. Tarehe 8 Juni 2025, siku moja baada ya Veronika kupoteza fahamu, Basili alifika wodini na jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, akalichomeka kati ya vidole visivyojua kitu, akatoka nje na kuwatangazia ndugu kwamba amesamehewa. Veronika alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliokesha nasi, wafugaji wa kuku wa Kibosho, na fundi Eliudi, mwenzake wa Himo, aliyemletea lehemu mpaka mwisho. Jiko lake atalichukua Kindness, na lisipikiwe chakula.

Shemeji Basili, jani lako ninalo hapa, limekauka, halitashuka naye kaburini, kwa sababu hakulipokea, njoo ulichukue baada ya misa, ukalitunze mpaka siku utakayolisema lile neno mbele ya wanawe. Kwa leo tunalisema sisi wa kwao, lisikike kabla ya udongo, Veronika hakuua ng'ombe. Pumzika kwa amani, Vero, mahali pasipo na kikao cha kukuhamisha.